Nailoni ya matuta, silva juu nyeusi chini: mwaka mzima kwenye matango yangu

Siku ya tisa baada ya kutandika nailoni nilikuta tuta la sita limejaa vinundu, kama mtu ameficha njugu chini ya shuka. Nikainama kuangalia. Kila kinundu kilikuwa ncha ya ndago, gugu sugu la mashambani, inasukuma kutoka chini, ngumu kama sindano ya kushonea magunia. Nyingine zilikuwa zimeshatoboa na kusimama juu, kijani kibichi, zinang'aa juani kana kwamba zimepandwa. Nailoni hiyo nilikuwa nimeinunua shilingi 165,000 kwa rola moja, rola mbili, na muuzaji aliniambia, "Dada, ukishatandika hii, jembe unalitundika darini."

Jembe sikulitundika. Lakini tangu wakati ule sijalima tango hata moja bila nailoni hiyo, na nikiambiwa nichague kati ya kuiacha nailoni na kuacha kutumia mbolea ya dukani, nitaiacha mbolea. Naandika kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza kama inafaa, na jibu la "inafaa" au "haifai" litamponza.

Shamba langu liko Vigwaza, mkoani Pwani, upande wa mto Ruvu, jirani na mashamba ya mpunga ya Chauru, ule ushirika wa umwagiliaji. Ni robo eka ya udongo mweusi mzito. Udongo wa namna hii unakipenda kila kinachoota: unalipenda tango, unaipenda na ndago, unaipenda kongwa, unaupenda mchicha pori. Nimelima matango tangu 2019, kwanza kwa ndoo, kisha kwa pampu ya petroli, sasa kwa dripu, ile mipira inayodondosha maji tone kwa tone. Mzigo naupeleka soko la Mabibo, Dar es Salaam, na siku nyingine Ilala.

Bidhaa yenyewe ni hii: karatasi ya plastiki, upana mita 1.2, urefu mita 400, unene maikroni 30. Upande mmoja silva, upande wa pili mweusi. Wauzaji wengi wanaiita malchi, sisi huku tunasema nailoni ya matuta. Unaifunika kwenye tuta, unazika kingo zake kwenye udongo, unatoboa mashimo, unapanda humo. Silva inakaa juu, nyeusi inakaa chini. Ule weusi ndio unaozuia magugu: mbegu ya gugu ikichipua chini yake haioni mwanga, inarefuka kidogo, inapauka, inakufa. Silva kwa juu inarudisha mwanga na joto. Kwa joto letu la Pwani hilo ni jambo kubwa, maana nailoni nyeusi tupu mwezi wa pili inaweza kuunguza shina changa linapoigusa. Mwanga ule unaorudi kwenda juu unawasumbua pia vidukari na inzi weupe wanaotafuta pa kutua chini ya majani.

Kabla sijasema lolote kuhusu pesa, nieleze kwanza kwa nini tango linateswa na magugu kuliko mazao mengine ninayoyajua.

Tango halina subira. Mbegu chotara ninayopanda naanza kuichuma siku ya 40 au 45, halafu ni kuchuma kila baada ya siku moja au mbili, mwezi mmoja na zaidi kidogo, basi, shamba limekwisha. Mahindi yakicheleweshwa na magugu wiki moja yana miezi ya kujikongoja. Tango likipoteza wiki ya tatu, halina pa kuifidia. Wiki nne za mwanzo ndizo zinazoamua, na ndizo wiki ambazo mche una majani manne matano tu, hauwezi kulifunika gugu lolote kwa kivuli. Halafu mizizi yake mingi iko juu juu. Ukipalilia kwa jembe karibu na shina unaikata bila kuiona, na saa sita mchana unaukuta mche umelegea hata kama maji yapo. Nimeshuhudia mara nyingi vibarua wakimaliza palizi safi kabisa, shamba linapendeza kwa macho, na siku tatu baadaye miche imesimama pale pale haiendi mbele wala nyuma.

Na magugu hayali mbolea na maji peke yake. Yanafuga wadudu. Vidukari wanaohamisha virusi vya batobato ya matango hawatoki hewani, wanatoka kwenye magugu ya kando na ya mapitoni, na mengi ya magugu hayo yanabeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili za maana. Tango lililopata batobato changa halirudi. Majani yanakuwa na madoa ya kijani na njano, tunda linatoka na vinundu, mnunuzi wa Mabibo analigeuza mara moja mkononi na kulirudisha kwenye kiroba.

Mwaka 2022 nilitaka kuhamia kwenye dawa za kuua magugu. Nilikuwa nimechoka na palizi tatu kila msimu, kila moja inakula 40,000 au 30,000, na vibarua wenyewe wakati wa mpunga hawapatikani. Lakini funzo la dawa hizo lilinifika kwa njia nyingine: niliazima bomba la lita 16 kwa jirani ili nipulizie dawa ya ukungu kwenye matango. Sikuliuliza lilifanya kazi gani kabla. Lilikuwa limetumika kwenye mahindi na 2,4-D, ile inayoua magugu ya majani mapana, na lilisuuzwa kwa maji mara moja tu. Tango lenyewe ni jani pana. Siku ya tatu vikonyo vya matango vilikuwa vimejikunja kama mkia wa kinyonga, majani machanga yametoka membamba, yamefinyangwa. Nilipoteza karibu nusu ya shamba kwa mabaki yaliyobaki ndani ya bomba la mtu. Tangu siku hiyo nina mabomba mawili, moja la viuagugu, limefungwa kitambaa chekundu mpinini, na hilo jekundu halikanyagi kwenye matango hata kama ni kubeba maji. Ukitumia kiuagugu chochote fanya hivyo hivyo, na hakikisha chupa ina namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na kwamba zao lako limetajwa kwenye kibandiko.

Basi Juni 2023, masika yalipoisha, nikanunua nailoni.

Robo eka yangu ilitoa matuta 21 ya mita 30. Ukihesabu na kile kipande cha kuzika kichwani na miguuni, kila tuta lingekula mita 31. Nilifunika matuta 18, na matatu nikayaacha wazi kwa makusudi, katikati ya shamba, siyo pembeni, ili nisije nikajidanganya kwa sababu ya kivuli au kingo. Mbegu ile ile, dripu ile ile, samadi ile ile, mche mmoja kila sentimita 30. Matatu yale niliyapalilia mara tatu kama kawaida yangu. Nilitaka kujua, kwa sababu laki tatu na thelathini kwa mkulima wa robo eka ni ada ya mtoto.

Kutandika si kazi ya mtu mmoja. Vijana wawili, siku moja na nusu, 45,000. Tuta lazima liwe laini na limeinuka katikati kama mgongo wa samaki, maana likiwa na bonde maji ya mvua yanatuama juu ya nailoni, yanachemka juani, na jani la tango likilalia hapo linaoza. Mipira ya dripu inatangulia chini, unafungua maji kwanza uone kila tundu linatoa, ndipo unafunika. Nilipuuza hilo kwenye matuta mawili na nikaja kulipa kwa kufukua. Samadi nayo inatangulia, na iwe imeoza. Samadi mbichi ya ng'ombe ni ghala la mbegu za magugu: ng'ombe amekula nyasi zimekomaa, mbegu zimepita salama, wewe unazibeba kwa toroli mpaka kwenye tuta lako. Mchicha pori wangu mwingi, nimekuja kuamini, niliuingiza mwenyewe.

Mashimo. Hapa watu wengi wanakosea. Ukikata kwa kisu alama ya msalaba, kila kona ya msalaba inakuwa mwanzo wa mpasuko, na upepo wa mchana wa huku Ruvu unaumalizia. Mimi nilichukua kopo la maziwa ya unga, nikalitoboa pembeni, nikalifunga waya na mpini wa mti, nikaweka ndani makaa ya moto. Ukiligusisha kwenye nailoni kwa nusu sekunde tu linatoa duara, na ukingo wa duara unayeyuka na kujiviringa kama pindo la khanga. Pindo hilo halipasuki. Nimevuna mazao matatu kwenye mashimo yale yale na mengi bado ni duara. Shimo lisiwe kubwa: kopo pana la rangi linatoa shimo ambalo magugu matatu yataingia pamoja na tango lako.

Na yataingia hata kwenye shimo dogo. Jembe darini ni maneno ya dukani. Kati ya siku ya kumi na siku ya kumi na nne pita shimo kwa shimo kwa mikono. Unabana shina la tango kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, chini kabisa linapogusana na udongo, kisha unavuta gugu kwa mkono wa kulia taratibu kuelekea pembeni, siyo juu. Ukivuta juu tu, gugu linatoka na mizizi ya tango imeshikamana nayo. Mimi na binti yangu tulimaliza matuta yote asubuhi mbili, kabla jua halijakuwa kali. Mapito nayo yanahitaji jembe au fyekeo mara moja, nililipa 30,000. Siku hizi natandaza mabua ya mpunga kutoka kwa majirani kwenye mapito, na gharama hiyo imepungua sana.

Sasa ndago.

Ndago haizuiliki kwa nailoni, na yeyote anayekwambia vinginevyo hajawahi kuwa nayo. Jani lake linachipuka limekunjwa pamoja kwa ncha kali, linatoboa plastiki bila shida. Chini ina vijitunguu vyeusi vimeungana kama shanga kwenye uzi. Jembe likiukata uzi huo, kila shanga inaamka na kuwa ndago yake yenyewe, ndiyo maana shamba la ndago likilimwa sana linazidi kuwa la ndago. Matuta yangu ya tano, sita na saba, upande ambao zamani palikuwa na majaruba, yalitobolewa kama chekecheo. Nailoni ikainuka, upepo ukaingia chini yake, ikaanza kupiga makofi usiku kucha, na miche kumi na kitu ilikatwa shingo na ukingo wa nailoni yenyewe ikicheza.

Afisa ugani wetu alipokuja nilimwonyesha. Hakunilaumu, alikaa chini akafukua kijitunguu kimoja kwa kalamu, akakiweka kiganjani mwangu. "Hiki umekifunika kikiwa hai, dada yangu. Kwanza kiamshe, kisha kiue, ndipo ufunike." Ndilo ninalofanya sasa. Nainua matuta, nafungua dripu kama vile tayari nimepanda, naacha wiki tatu. Ndago nyingi inatoka, na mchicha pori, na sangari. Ikiwa na majani matano sita, imenawiri, haina kiu, napuliza glaifoseti, kiuagugu, kwa bomba la kitambaa chekundu, bila tango lolote shambani. Ikiwa imenawiri ndipo inaipeleka dawa mpaka kwenye vijitunguu. Ukipuliza ndago yenye njaa na vumbi unachoma majani tu. Nasubiri wiki mbili, sifukui tena udongo, natandika na kupanda. Haiishi kwa msimu mmoja. Lakini msimu wa tatu tuta la sita lilikuwa na ndago za kuhesabu kwa macho, nikazing'oa moja moja.

Asiyetaka dawa afanye kwa maji na jembe jepesi la juu juu mara mbili tatu, kwa magugu ya mbegu inafanya kazi vizuri kabisa. Kwa ndago sijaona ikifaulu.

Haya, mavuno. Napima kwa kiroba cha kilo 50 na daftari liko kwenye mfuko wa aproni yangu ya kuchumia, nachora kijiti kila kiroba kikifungwa. Msimu ule wa Juni mpaka Septemba 2023, matuta 18 ya nailoni, pamoja na yale matatu yaliyotobolewa, yalitoa viroba 71. Matatu ya wazi yalitoa saba na nusu. Kwa tuta moja hiyo ni karibu viroba vinne kwa viwili na nusu. Tofauti ya kiroba kimoja na nusu kasoro, mara matuta 18, ni viroba 26 hivi ambavyo visingekuwepo. Bei yangu ya wastani msimu ule ilikuwa 22,000, kwa hiyo 572,000. Nailoni na usafiri wake 340,000, kutandika 45,000. Ilijilipa yote msimu wa kwanza na kubakiza 187,000, kabla hujahesabu palizi.

Palizi nayo niihesabu, maana ndiyo sababu watu wanainunua. Robo eka nzima palizi tatu ilikuwa inanigharimu 110,000. Kwa nailoni nililipa 30,000 ya mapito. Nimeokoa 80,000. Angalia hapo: kama ningenunua nailoni kwa ajili ya kuokoa palizi peke yake, msimu ule ningepata hasara ya laki tatu. Faida haikutoka kwenye jembe nililoliacha. Ilitoka kwenye zile wiki nne ambazo tango halikugombana na mtu, na kwenye mizizi ambayo hakuna aliyeikata. Matuta ya nailoni yalianza kuchumwa siku tano kabla ya yale ya wazi. Siku tano mwanzoni mwa msimu, wenzako hawajaanza kuleta mzigo sokoni, ni pesa nzuri.

Na tunda lilikuwa safi. Matango yangu nayasimika kwa miti na kamba, lakini yale ya chini kabisa hugusa tuta. Kwenye udongo yalikuwa yanatoka na tumbo la njano na matope yaliyokauka, nayaosha, yanachakaa. Kwenye nailoni yanatoka kijani pande zote. Dalali wangu aliuliza kama nimebadilisha mbegu.

Nailoni ile ile niliitumia tena. Oktoba 2023 nilipanda hoho kwenye mashimo yale yale, sikutaka tango lifuate tango, wala tikiti, wala boga, maana ni ukoo mmoja na wanarithishana magonjwa. Hoho zikapita kwenye mvua kubwa za El Niño za mwisho wa mwaka ule. Wengi huku waliona mapito yao yamekuwa mifereji. Kwangu maji yalipita mapitoni na udongo wa tuta haukuondoka, nailoni iliushika. Mwishoni mwa Machi 2024, masika yameshashika, nikarudisha matango, na huo ndio msimu uliomaliza ubishi wangu wote.

Masika ni wakati bei ya tango inapanda, kwa sababu ubwiri vinyoya, ugonjwa wa majani unaopenda unyevu, unawamaliza wengi na magugu yanawamaliza waliobaki. Huwezi kupalilia kwenye mvua. Kongwa, lile gugu la majani mapana na maua ya buluu, ukililima asubuhi na mvua ikanyesha mchana, jioni kila kipande kimeshapata mizizi mipya. Unalipa vibarua kupandikiza kongwa. Msimu ule sikuingiza jembe kwenye matuta hata mara moja. Ubwiri ulikuja, nao hauzuiwi na nailoni, nilipuliza dawa yake kila wiki, ila matone ya mvua hayakurusha udongo kwenye majani ya chini na hewa ilipita katikati ya mistari kwa sababu hakukuwa na msitu. Nilipata viroba 49, pungufu ya kiangazi, lakini niliviuza kwa 40,000 hadi 48,000. Jirani yangu mmoja, mkulima hodari kuniliko, alivuna 11 akaachia hapo.

Sasa kasoro, na hizi zisomwe kwa makini kama nilivyosema mazuri.

Bila dripu usinunue. Mzee mmoja wa mpunga alipita akasimama ukingoni. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza, "Sasa mwanangu, humu mvua itaingilia wapi?" Ni swali la mtu anayejua. Mvua haiingii, inateleza. Kinachoingia ni kile cha kwenye shimo tu. Anayemwagilia kwa ndoo atamwagilia shimo kwa shimo, mashimo 2,100 kwa robo eka, kila siku moja baada ya nyingine, mpaka mgongo umwume. Kwa huyo mabua ya mpunga ni bora: tandaza unene wa kiganja, magugu yanapungua sana, maji yanapita, na baadaye yanaoza kuwa mbolea.

Unene. Agosti 2024 niliongeza kipande kingine cha shamba na duka nililozoea lilikuwa halina mzigo. Nikanunua kwingine, rola 120,000, imeandikwa maikroni 30 kama ile ya kwanza. Nyumbani niliinyanyua juani nikaona kivuli cha vidole vyangu vyote vitano kwa upande wa pili. Nilipaswa kurudisha siku hiyo hiyo, nikatandika. Wiki ya tatu chini yake kulikuwa na zulia la mchicha pori na nyasi, zimepauka njano, zinaishi, zinakula mbolea yangu gizani. Mwanga kidogo uliopita uliwatosha. Wiki ya saba ikaanza kuchanika kwenye mabega ya tuta. Nilirudi dukani, nikaambiwa nailoni iliyokwisha kutandikwa hairudishwi. Kwa hiyo dukani usisome karatasi, fungua mita moja, inyanyue juani, weka kiganja nyuma. Ukiviona vidole, rudisha. Halafu bonyeza kwa kucha ya kidole gumba na uvute: nzuri inavutika, mbovu inapasuka kwa mstari ulionyooka. Na kwa hali yoyote usichukue ile inayoonyesha, nyeupe ya kupitisha mwanga. Hiyo inapasha magugu joto yaote upesi.

Panya wanaipenda. Wanachimba chini yake msimu wa baridi, ni pakavu na pana joto. Nilipoteza miche michache, si zaidi.

Kasoro inayoniumiza zaidi ni mwisho wake. Juni 2024 tuliiondoa, tayari imechakaa kwa jua, na kwenye kingo zilizozikwa ilikatika vipande vipande. Nchi hii ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea tangu 1 Juni 2019, na plastiki za kilimo hazikuguswa na katazo hilo, kwa hiyo tunaruhusiwa kuzitumia. Lakini ukipita mashamba ya kando ya mto utaona vipande vya silva vimenasa kwenye matete, na vingine vitaingia Ruvu mvua ikija, na maji ya Ruvu ndiyo yanayonywewa Dar es Salaam. Wengine wanaichoma shambani, moshi mweusi unawaingia watoto. Wanunuzi wa plastiki chakavu hawaitaki ikiwa na matope. Sisi tuliikung'uta, tukaifua kwenye pipa, tukaianika, na ikachukuliwa. Ilikula siku mbili za watu watatu, na hakuna aliyenilipa. Ukiamua kuinunua, iweke siku hizo mbili kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Iondoe kabla haijaanza kukatika, usivute msimu wa nne kwa uchoyo. Mimi natamani watengenezaji waipokee wenyewe wanakouzia, na nimelisema hilo dukani na nitaendelea kulisema.

Kwa anayeniuliza anunue au asinunue: una dripu, unalima matango, tikiti au hoho kwa ajili ya soko, na ndago yako umeishughulikia, nunua maikroni 30 ya silva na nyeusi, ikiwezekana kabla ya masika. Una ndago tele na haraka ya kupanda wiki ijayo, usinunue bado. Pesa hiyo tumia kununua bomba la pili na wiki tano za subira.

Rola mbili mpya ziko uvunguni mwa kitanda changu, nimezipima kwa vidole na hazionyeshi kitu. Matuta yote 21 yameinuliwa, dripu imefunguliwa siku ya nane leo. Asubuhi hii tuta la sita lilikuwa na ndago 43. Nazisubiri zifike majani matano.